Kitanda cha Bwana Sawa

Pale hospitalini walimwita Afande, ingawa magwanda ya polisi alikwisha kuyavua zamani na sasa alikula mkate wake katika ofisi ya wakili wa wagonjwa. Jina lilikataa kubanduka. Kazi yake mpya ilifanana na ile ya zamani: kuuliza, kusikiliza, kutoamini. Tofauti ni kwamba hapa hakutafuta mwizi wala muuaji. Alitafuta jibu la swali moja tu: mtu asiyeweza kusema, angesema nini lau angeweza?

Asubuhi hiyo mtu mwenyewe alikuwa amelala nyuma ya kioo kikubwa cha chumba cha wagonjwa mahututi, bomba limeingia shingoni, macho wazi. Mfumaji mstaafu wa kiwanda cha nguo. Mashine ya kupumulia ilimpandisha kifua na kumshusha. Afande alimtazama kwa muda na hakuhisi kitu. Alipoanza kazi hii alikuwa akijifungia kwenye choo cha wageni na kulia. Siku hizi moyo ulikuwa umekufa ganzi, naye hakuona ubaya. Hata daktari wa meno hutia ganzi makusudi ili kazi ifanyike.

Daktari bingwa alitoka chumbani, barakoa imefunika uso hadi chini ya macho. Mlango ule hakuna aliyeuvuka bila barakoa, awe waziri, awe mfagiaji.

"Jopo la maadili linakaa baada ya chakula cha mchana," alisema. "Likikubali, mashine itazimwa leo leo. Mke amekubali. Ndugu wamekubali. Amebaki binti."

"Binti anasemaje?"

"Anasema baba yake yupo." Daktari alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyelala kidogo kwa miaka mingi. "Kiharusi kilimpiga kwenye shina la ubongo. Mikono, miguu, ulimi, vyote vimekwenda. Macho yanacheza juu na chini, lakini macho hucheza yenyewe."

"Na kipimo cha mawimbi ya ubongo?"

"Kinaonyesha shughuli. Shughuli si fahamu, Afande. Jiko kuwaka moto si ushahidi kwamba mpishi yumo."

"Fahamu mlimpimaje?"

"Kama tunavyowapima wote. Namwinamia sikioni kabisa, namwita jina lake. Fumba macho. Fumbua. Tazama juu. Nimefanya mimi, wamefanya wenzangu, asubuhi na mchana. Hajatii hata mara moja."

"Hata kwa kubahatisha?"

"Ndiyo maana nimekubali jopo likae."

Afande alimshukuru, akahamia meza ya wauguzi. Meza ile ilikaa upande huu wa kioo, ikitazamana na kitanda cha mzee. Sista wa zamu alikuwa ameishusha barakoa kidevuni na kutafuna biskuti upesi upesi, kwa woga wa mtu anayejua kengele italia kabla hajameza.

"Sista, huyu mzee unamwonaje?"

"Ananitisha, dada." Sista alifuta midomo. "Wagonjwa wengine wa hivi wanatazama dari. Yeye ukimwinamia, macho yanashuka. Hayakutazami machoni. Yanakuja hapa." Alijigusa mdomo. "Yanakaa kidogo, halafu yanarudi juu, kama mtu aliyebisha hodi akakuta kufuli."

"Umemwambia daktari?"

"Nilimwambia kuhusu machozi. Juzi tulikuwa hapa hapa na mwenzangu, tunakunywa chai, tunaongea yetu. Nainua kichwa, namwona mzee analia. Daktari akasema macho yakikaa wazi hutoa maji. Nikampaka dawa."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo ya kazi tu," sista alijibu, na biskuti ikamshughulisha ghafla.

Afande hakumbana. Shahidi anayeona haya mwache, haya yenyewe itamrudisha.

Binti wa mzee, mwalimu wa shule, alimngoja kwenye ngazi. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Dada, mama anasema baba alimwambia hataki mashine. Baba! Unajua mtaani wanamwitaje? Bwana Sawa. Hajawahi kukataa kitu tangu nizaliwe. Baba, naomba niende safari ya shule. Sawa. Baba, nimepata mchumba. Sawa. Baba, mchumba nimemwacha. Sawa, mwanangu. Mtu wa namna hiyo ndiye akae amwambie mtu sitaki hiki, sitaki kile?"

"Unadhani mama yako anadanganya?"

Mwalimu alitazama ngazi. "Sijui. Jana nimekuta ameshafungasha nguo za baba. Zote. Ziko kwenye mifuko mlangoni, na mwenyewe bado anapumua. Wewe ungedhani nini?"

Afande alishuka hadi uwanjani akampigia wakili. Wakili alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliyepima maneno yake kana kwamba yanatozwa ushuru.

"Sheria inataka matakwa ya mgonjwa mwenyewe," alisema. "Tulicho nacho ni neno la mke, basi. Likisimama, mzee anazimwa. Likianguka, lazima tuwe na kitu cha kuweka mahali pake. Na usisahau, Afande, sisi hatumtetei binti. Hatumtetei mke pia."

"Najua tunamtetea nani."

"Basi nenda kamtafute. Asiyekuwepo na lake halipo, na huyu yupo lakini hayupo."

Nyumba ya mzee ilikuwa ndogo, imefagiwa mpaka inasikitisha. Mifuko ya nguo ilikuwa pale mlangoni kama mwalimu alivyosema. Mke alimkaribisha Afande sebuleni bila machozi, bila tabasamu. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekwisha kurudi kutoka makaburini. Televisheni ilikuwa inawaka, msomaji wa habari anafungua na kufunga mdomo, sauti hakuna.

"Shikamoo, mama. Pole na uuguzi."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Televisheni imeharibika sauti?"

"Nzima kabisa. Ndivyo anavyopenda mwenyewe. Anasema makelele ya kiwandani yalimtosha maisha yake yote. Nimeiwasha tu ili nyumba isiwe tupu."

Afande alikaa. Alimwonea huruma kwa kichwa, moyo ukakataa kushiriki. Akaanza kazi.

"Mama, nguo zake umezifungasha."

"Nimezifua. Nikazikunja. Kuzirudisha kabatini nikashindwa, kila nikifungua naziona zimesimama." Mke alitazama mlango. "Binti yangu anadhani nataka kumtoa baba yake nyumbani. Sijabishana naye. Sina nguvu ya kubishana."

"Alikwambia lini kwamba hataki mashine?"

"Tulipomzika kaka yake. Kaka yake aliwekwa mashine, akakaa nayo, akakaa nayo, mpaka akabaki mifupa na macho. Tumerudi kutoka mazikoni, umeme umekatika mtaa mzima. Tukalala. Usingizi hauji. Nikamwambia, mume wangu, yakikukuta wewe haya yaliyomkuta kaka yako, tusikutese, tukuache uende. Wasemaje?"

"Akasemaje?"

"Akasema, sawa."

"Na nini zaidi?"

"Basi. Sawa. Alikuwa amenishika mkono."

"Mlikuwa gizani?"

"Giza totoro. Hata mkono wenyewe siuoni."

Katika miaka yake ya polisi Afande alikuwa amesikia uongo wa kila rangi, na alijua kwamba mwongo hutia chumvi. Mwongo angemtungia mumewe hotuba: sitaki mateso, nataka kufa kwa heshima. Mama huyu alileta neno moja, tena jepesi, tena bila shahidi. Ushahidi dhaifu namna hii hauletwi na mtu anayedanganya. Basi alikuwa anasema kweli, na shaka ya binti ikaanguka hapo hapo.

Lakini kweli yenyewe ilikuwa na tundu. Afande hakujua bado liko wapi.

"Mama, nisimulie tabia zake. Hata zile za kukuudhi."

Kwa mara ya kwanza mdomo wa mke ulicheza kidogo. "Za kuudhi ndizo nyingi. Mkaidi. Ukimwita naye amekupa kisogo, utaita mpaka koo likauke. Mpaka umguse bega. Simu haipokei, ikilia ananipa mimi, kaongee wewe. Na taa! Hakuna mtu wa kuchoma umeme kama yule. Ukitaka kumwambia neno, kwanza awashe taa, hata mchana kukiwa na wingu. Namuuliza, unataka kunisikiliza au unataka kunipiga picha?"

"Anakujibu nini?"

"Anasema sawa."

Afande alitazama televisheni. Msomaji wa habari alikuwa anatabasamu bila sauti.

"Mchana alikuwa anashinda wapi?"

"Kwa rafiki yake waliyekuwa wote kiwandani. Wanakaa mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma, pale pale penye kelele. Toka asubuhi wanapiga soga. Mtu mwenye akili zake anapiga soga pale?"

"Mama," Afande alisema akisimama, "vaa viatu. Binti yako aje akuchukue, mtangulie hospitali. Mnisubiri."

"Kuna nini?"

"Sijui bado. Kuuliza si ujinga, ngoja nikaulize."

Karakana haikuhitaji kuelekezwa. Ilisikika tangu kona. Kijiwe cha kusagia kilikuwa kinalia juu ya chuma na cheche zinamwagika mlangoni, na mbele yake, kwenye benchi, aliketi mzee mwembamba mwenye njiti ya kiberiti mdomoni. Kando yake palikuwa na kiti kitupu. Hakuna aliyekuwa amekikalia.

"Shikamoo, mzee," Afande alisema kwa sauti ya kawaida. Yeye mwenyewe hakuisikia.

"Marahaba, mwanangu. Keti, lakini si hapo. Hapo pana mwenyewe."

Afande alichutama mbele yake. Safari hii alichezesha midomo tu, bila kutoa sauti hata punje: Mwenyewe yuko hospitali.

"Najua," mzee alijibu. "Nilikwenda kumwona."

Kijiwe kilinyamaza. Fundi alikuwa anabadilisha kipande cha chuma, na barabara nzima ikawa kimya mpaka mtu angesikia kuku anachakura vumbi. Afande alisimama, akampa mzee kisogo kana kwamba anatazama duka la ng'ambo, akasema kwa sauti ya kuamuru gwaride:

"Mzee! Benchi lako linaungua!"

Fundi alitoka mbio na ndoo ya maji. Mama muuza duka akachungulia. Mzee aliendelea kutafuna njiti yake, ametulia tuli.

Afande alimwomba fundi radhi, akageuka, akachutama tena.

"Mzee, wewe husikii."

"Nasikia," mzee alisema haraka. Kisha akamwona fundi na ndoo yake, akaona watu wanavyowatazama, njiti ikasimama mdomoni. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona. Na rafiki yako je?"

Mzee aliitoa njiti mdomoni. Kijiwe kikaanza tena kulia na yeye hakupepesa jicho.

"Mitambo ya kufumia ilikuwa inapiga tangu tunaingia mpaka tunatoka," alisema mwishowe. "Masikio yalikufa kidogo kidogo. Aliyesema hasikii alirudishwa nyumbani, kwa usalama wake, wakasema. Basi tuliobaki hatukusema. Tulijifunza midomo. Kule ndani kila mtu alikuwa anaongea kwa midomo hata hivyo, nani angesikia nini? Yeye alianza kupoteza kabla yangu. Ndiye aliyenifundisha."

"Alikufundisha nini?"

"Kusema sawa. Aliniambia, neno likikupita, usiulize 'ati nini?' Ukiuliza mara tatu watakujua. Sema sawa. Watu wanapenda sawa, hawarudii swali."

"Mkewe anajua?"

"Mke? Mke ndiye umuogope kwanza. Ataanza kukuonea huruma, atakwambia usivuke barabara peke yako." Mzee alicheka kidogo, kicheko kikafia njiani. "Sasa ya nini kuyasema haya? Mwenzangu amekwisha kwenda. Nilisimama pale kitandani nikamsemesha. Tumesemeshana maisha yetu yote, mwanangu, hata kwa kunyanyua mdomo upande mmoja ananielewa. Hakuonyesha dalili. Macho yamo, mwenyewe hayumo. Nikarudi zangu."

"Mzee. Ulipoingia mle ndani walikuvalisha nini?"

"Joho. Na kile kitambaa cha..."

Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka mdomoni, ukabaki pale.

Afande alikuwa ameshainuka. Alitembea huku amepiga simu, akipaza sauti juu ya kelele za chuma.

"Wakili, usiruhusu jopo lianze."

"Wameshaanza kuingia. Nina sababu gani?"

"Mzee ni kiziwi. Amekuwa kiziwi miaka na miaka na amemficha kila mtu. Anasoma midomo. Na tangu alipoingia hospitali, kila aliyemwambia fumba macho alikuwa amefunika mdomo."

Wakili, mtu wa kupima maneno, akatumia moja tu.

"Njoo."

Daktari bingwa alikataa kabla hawajamaliza kueleza.

"Hakuna kuvua barakoa mle ndani. Kuna wagonjwa wengine, na mapafu yake mwenyewe hayawezi kubeba hata mafua. Siwezi kuua watu ili kuthibitisha nadharia ya Afande."

"Hatuingii," Afande alisema. "Tunakaa huku nje ya kioo, barakoa chini. Anatuona. Sista ndiye anaingia, asimame kitandani atazame macho. Yakienda juu, ainue mkono. Yakishuka, aushushe."

"Na sista akimsaidia kwa huruma?"

"Atatupa kisogo. Kioo kizito, sauti haipiti. Hajui swali tunalouliza. Atatoa jibu la swali asilolijua. Huwezi kupata shahidi msafi kuliko huyo."

Wakili alimtazama Afande kwa macho ya mtu anayeshuhudia kesi ikijijenga yenyewe. "Jopo litataka daktari naye aulize," alisema. "Swali la kwake mwenyewe."

Wajumbe wa jopo walitoka kwenye chumba chao cha mkutano wakajipanga ukutani, bado wameshika vikombe. Mke na binti walisimama kando kando, wasigusane. Sista aliingia, akainama juu ya kitanda, mgongo wake kwenye kioo.

Afande alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alisubiri. Macho ya mzee yalikuwa yanatazama dari. Yakashuka polepole, yakapita juu ya bega la sista, yakafika kwenye kioo, yakafika mdomoni mwake. Hapo yakasimama.

"Ukiona ninachosema," Afande alitamka taratibu, "tazama juu."

Mkono wa sista ukapanda.

Binti alitoa sauti ndogo kooni.

"Sasa chini."

Mkono ukashuka.

"Bahati," daktari alisema, lakini sauti haikuwa na imani.

"Juu ni ndiyo, chini ni hapana. Ulikuwa fundi wa kuchomelea vyuma?"

Chini.

"Ulikuwa mfumaji?"

Juu.

"Mimi ni mwanao?"

Chini, upesi, hata sista mwenyewe alishtuka.

Daktari alisogea. Aliishusha barakoa yake, na wote wakaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na ndevu zenye mvi. Aliuliza bila sauti, swali ambalo watu waliokuwa nyuma yake hawakuliona. Mkono ukapanda. Akauliza la pili. Mkono ukashuka.

"Uliuliza nini?" wakili alinong'ona.

"Nimemuuliza kama nina ndevu. Halafu kama nimevaa miwani." Daktari hakuwa na miwani. Alirudisha barakoa usoni, ingawa pale nje haikuwa na kazi, akaenda kusimama dirishani peke yake.

Sista alitoka kufuta jasho. Alimvuta Afande kando.

"Dada, ile siku ya machozi." Alionyesha meza ya wauguzi. "Tulikuwa hapa mezani, barakoa chini, tunakunywa chai. Nilikuwa namwambia mwenzangu asihangaike kumtafutia nafasi mgonjwa wa wodi ya chini, kitanda hiki kitakuwa wazi karibuni. Nilisema, huyu wanamzima wiki hii. Alikuwa ananitazama, dada. Alikuwa ananitazama mdomoni."

"Rudi ndani, sista," Afande alisema. "Bado tunakuhitaji." Kitu kilikuwa kimeanza kumwasha chini ya mbavu, mahali palipokuwa na ganzi, naye hakukifurahia.

Mke alikuwa hajasogea. Alitazama kioo kama mtu aliyepigwa na butwaa.

"Alikuwa hasikii?"

"Muda mrefu, mama."

"Na usiku? Nikimwambia mambo usiku?"

Mama hakuhitaji kujibiwa.

"Nimemwambia mambo mengi gizani," mke alisema. "Mambo ambayo mchana siwezi kuyasema. Ananishika mkono, anasema sawa. Nikawa najiambia, hakuna mume anayesikiliza kama wangu."

Binti alimfikia mama yake, akamshika kiwiko. Mama alimwacha amshike.

Wakili alikohoa. "Kuna swali moja limebaki. Ndilo lililotuleta. Kwa utaratibu, nadhani mimi ndiye..."

"Swali ni langu," mke alisema.

"Mama, wewe ndiye uliyetoa ushahidi, haifai..."

"Niliuliza mimi. Nikapokea jibu mimi. Kama jibu lilikuwa bovu, nitaliuliza tena mimi."

Wakili alimgeukia Afande. Afande alitazama mkono wa binti kwenye kiwiko cha mama.

"Mwache aulize," alisema. "Lakini, mama, uliza pande zote mbili. Usimpe swali ambalo 'sawa' inaweza kulijibu. Ana mazoea."

Nje wingu lilikuwa limetanda na mwanga wa dirishani umefifia. Mke alipiga hatua kuelekea kwenye kioo, akasimama. Kioo kilikuwa kimeanza kuonyesha kivuli chake mwenyewe. Alirudi nyuma, akapapasa ukutani mpaka akapata swichi, akawasha taa. Kisha akamsogelea mumewe na uso mzima kwenye mwanga.

"Usiku ule umeme ulipokatika," alisema, kila neno kwa nafasi yake. "Tumetoka kumzika kaka yako. Nilikuuliza jambo. Ulilisikia?"

Mkono wa sista ukashuka.

Mke alifumba macho, akayafumbua. Hakulia. Alikwisha kumzika mtu huyu moyoni, akamfulia na nguo, na sasa mtu mwenyewe alikuwa anamtazama mdomoni.

"Basi nakuuliza sasa. Wanaweza kuizima mashine. Ikizimwa utalala, utakwenda. Hutateseka. Tuizime?"

Mkono ulikuwa bado chini. Sista aliuinua kidogo ili waone, akaushusha tena mpaka ukagonga chuma cha kitanda. Nje ya kioo wote waliona, na binti akaficha uso begani kwa mama yake. Bwana Sawa alikuwa amekataa.

"Subiri," mke alisema, kwa binti au kwa mume, haikujulikana. "Sijamaliza. Tukiiacha, utabaki hivyo hivyo. Huongei. Huinuki. Nitakulisha mimi, nitakugeuza mimi, nitakufuta mimi, na mimi ni mzee, nitachoka, nitakukasirikia. Pengine hutapona kabisa. Unaelewa? Tuiache?"

Mkono ukapanda. Ukakaa juu. Sista hakujua swali, lakini hakuweza kuushusha, maana macho hayakushuka.

Wakili alikwenda kuwaambia wajumbe warudishe vikombe vyao, hakuna kikao. Daktari alikuwa anampigia mtu simu dirishani, anaulizia mtaalamu wa kufundisha wagonjwa kusema kwa macho, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayeomba mkopo.

Mke alibaki kwenye kioo. Alimtazama mumewe kwa muda, chini ya taa ile aliyozoea kugombana naye kwa ajili yake. Kisha akamjibu kwa midomo tu, bila sauti, neno moja alilokuwa akilipokea siku zote. Afande alikuwa amesimama mbali, hakusikia chochote, lakini aliliona.

"Sawa."